Jile Kumi na Mbili za Kitenge

Ta! Halafu kimya kidogo, halafu ta! ya pili. Hivyo ndivyo kadena, kufuli ya mama mdogo, ilivyolia ikifungwa upande wa nje. Ya kwanza ilikuwa chuma kuingia kwenye tundu lake, ya pili ilikuwa yeye mwenyewe kuivuta ili aone kama imeshika. Hata leo nikipita sokoni na mtu akafunga duka lake, mgongo wangu unanyooka wenyewe kama nimekaa mbele ya mashine.

Nieleze, maana anayesikia hivyo anaweza kufikiri mama mdogo alikuwa mtu mbaya. Si mbaya hata kidogo. Ni mdogo wa mama yangu, ndiye aliyenipokea hapa Bunia nilipoacha shule mwaka wa nne wa ushonaji, coupe-couture, na ndiye aliyenifundisha yale ambayo shule haikufika kunifundisha. Kazi yetu ilikuwa ndani ya kontena, moja ya zile za chuma zilizopangwa pembeni ya barabara kuelekea soko kuu. Na mafundi wengi wa pale walikuwa na desturi moja: sikukuu ikikaribia, kazi ikiwa nyingi, unamfungia mwanafunzi wako ndani na kadena nje. Wateja wanaona kadena, wanajua hakuna mtu, wanaenda. Kumbe ndani kuna mtu anashona. Mteja akibisha, unainua miguu juu ya pedali na kutulia mpaka aondoke. Nilikuwa hodari wa kutulia. Naweza kukaa na sindano mdomoni na nisipumue mpaka hatua za mtu ziishe.

Palikuwa na dirisha, ukitaka kuliita dirisha. Mtu wa kuchomelea vyuma alikata tundu la ukubwa wa daftari na kuweka nondo mbili. Kupitia pale niliona kipande cha barabara, magurudumu ya pikipiki, na miguu ya watu mpaka kiunoni. Niliwapa wapita njia maisha kwa kutazama viatu vyao tu. Huyu anaenda kuposa. Huyu amefukuzwa kazi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na ndani ya kichwa changu nilisafiri kila siku.

Safari niliyoitaka kwa kweli ilikuwa moja: kushuka ziwani. Nilizaliwa kule, upande wa Mahagi, pembeni kabisa ya maji, lakini tuliondoka nikiwa mgongoni mwa mama, kwa hiyo macho yangu yalikuwa yameliona ziwa bila mimi kulikumbuka. Watu waliniambia, "Nyinyi watu ya ziwa," na mimi nikacheka kama ninayejua. Kasenyi, bandari ya samaki kule chini ziwani, si mbali. Wachuuzi wa samaki wanashuka asubuhi na jioni wamerudi wananuka. Lakini kwangu kila wiki ilikuwa na sababu yake: mara barabara haiko nzuri, mara kuna ndoa, mara kuna komunyo ya kwanza ya watoto wa watu. Miaka miwili nimekaa juu ya kilima na ziwa liko chini yangu, sijawahi kuliona.

Aliyekuwa kule ni yaya wangu, yaani kaka yangu mkubwa. Alirudi ziwani akiwa kijana na akawa dereva wa mashua ya motere, ya injini. Siku hizo alikuwa amepata patron mpya, mfanyabiashara wa mjini aliyenunua mashua safi ili yeye na rafiki zake wawe wanashuka Jumapili kuvua kwa raha.

"Kuvua ya raha njo nini?" mama mdogo alimwuliza yaya alipokuja.

"Mama mudogo, banakaa mu mashua na fimbo, banakunywa kitu ya baridi, banangojea samaki ya kapiteni akamate ndoana. Jioni bananunua samaki kwa bavuvi na kurudi nayo nyumbani."

Tulicheka mpaka mama mdogo akashika ukuta.

Yaya alikuwa amepanda Bunia, Jumatatu, kwa ajili ya vitu vya usalama. Safari ya kwanza ilikuwa Jumapili ile, watu kumi na mmoja na yeye wa kumi na mbili, na alimwambia patron kwamba bila vitu hivyo hawashi motere. Aliandika orodha kwa kalamu kwenye mkono wake. Mama mdogo aliniruhusu nimsindikize, na ile asubuhi ya kutembea sokoni na kaka yangu ilikuwa sikukuu yangu.

Duka la kwanza, muuzaji alituletea zile jile za watu wa pikipiki, fulana zisizo na mikono, nyepesi, za kung'aa.

"Hii ni ya barabara," yaya alisema. "Mi nataka ya maji."

"Jile njo jile, grand."

"Itanisaidia nini nikianguka mu ziwa?"

"Itasaidia bakuone haraka siku ya kukutafuta," yule mtu alijibu, na hata hakucheka.

Duka la pili ndiyo walikuwa nazo, jile za kuelea majini, zimetundikwa juu kama nyama. Rangi ya chungwa, nene, zimejaa ile sponji ngumu isiyokunywa maji. Hapo nilimwona kaka yangu kwa sura nyingine. Nyumbani ni mtu wa mizaha, lakini pale alikuwa kama daktari. Kila jile aliibonyeza kila pahali kwa kidole gumba. Alisoma karatasi iliyoshonwa ndani, inayosema inabeba mtu wa kilo ngapi. "Mama munene ukimupa ya mutoto, umemudanganya tu." Alinivalisha moja, akafunga mikanda, halafu akashika mabega ya jile na kuivuta juu kwa nguvu mpaka vidole vyangu vya miguu vikabaki peke yavyo chini. Ikipanda mpaka masikioni, haifai. Akaniambia nifumbe macho na kufungua vifungo kwa mkono mmoja. "Mukono mwingine utakuwa na kazi, utakuwa unashika mutu ao mashua." Nilifungua. Tukarudia kwa mkono wa kushoto.

Kila jile ilikuwa na filimbi ndogo imefungwa kwa kamba begani. Alizipuliza zote, moja moja, mpaka mwenye duka akakasirika.

"Mate yako iko mu bidhaa yangu sasa!"

"Ile hailie. Toa, leta ingine."

Alinunua kumi na mbili. Alinunua pia kamba ndefu, boya la mviringo la kurushia mtu, tochi mbili zisizoingiza maji, kizimamoto kidogo kwa sababu ya essence, petroli ya motere, makasia mawili ya akiba, na bidoni ya plastiki ambayo angeikata kuwa ya kuchotea maji. Akabaki anafikiri namna ya kuita mashua nyingine mchana, na mimi nikamwambia achukue kioo kidogo cha kujipakia poda, jua likipiga kinaonekana mbali. Aliniangalia. "Weye uko mutu ya ziwa kweli," alisema. Nilitembea juu ya mawingu mpaka kontena.

Siku hiyohiyo ilibidi aende Aru kutafuta kipuri cha motere, kwa hiyo alituachia vitu vyote. Angerudi Jumamosi saa kumi kuvichukua. Kuhusu rangi hakuniambia neno. Kwake lilikuwa jambo lililo wazi mno, kama vile hakuna mtu anayekuambia ufumbue macho ndipo uone.

Kesho yake alikuja mke wa patron. Sisi tulimwita Mama Prezidanti, kwa sababu ndiye aliyeongoza kikundi cha wanawake wa mtaa wao, na hata akikuagiza kushona mto anakuagiza kama yuko kwenye mkutano. Alikuja kupima gauni lake. Akaona ule mlima wa chungwa kwenye kona.

"Hii njo tutavaa Jumapili?"

"Ndiyo, maman," mama mdogo alisema.

"Na picha tutapiga na hii? Tutafanana na batu ya kufagia barabara."

Mwenye kuijua Bunia anajua kilichofuata. Hapa kwetu watu wawili wakiwa na jambo moja, wanashona kitenge kimoja. Ndoa, kilio, sherehe ya kwaya, siku ya wanawake: wote sare. Mimi niliyekuwa nimekaa chini nikitoa uzi wa mapindo, mdomo wangu ulifunguka kabla sijaamua.

"Maman, tunaweza kuzivalisha kitenge. Kama foronya ya muto. Ile ya blue, yenye samaki kubwa. Mutafanana na ziwa yenyewe."

Halafu Mama Prezidanti akapiga kofi moja.

"Huyu mutoto iko na akili! Mulimuficha wapi?"

"Ni miye mwenye kumufundisha," mama mdogo akasema, shingo imerefuka.

"Basi iko hivi. Munashona zote kumi na mbili. Na weye mutu ya mawazo, Jumapili unakuja na siye. Nafasi yako iko mu mashua. Rafiki yangu mumoja haendi, anaogopa."

Sikulala vizuri kwa furaha. Ninaandika hivi nikijua namna inavyosikika: msichana alipewa nafasi ya kukaa juu ya maji kwa sababu ya wazo lililoweza kumwua mtu. Lakini siku ile nilijua kitu kimoja tu, kwamba nitaliona ziwa.

Tulishona. Kitenge kilikuwa na samaki mmoja mkubwa, mdomo upande wa kushoto, mkia upande wa kulia, na fundi yeyote anayejiheshimu anajua kwamba mchoro kama ule unakaa kifuani mzima. Ukiweka zipu mbele, unamkata samaki katikati, na wateja wanakucheka. Kwa hiyo niliweka zipu nyuma, kama gauni la bibi harusi. Foronya ilimeza jile nzima: vifungo, mikanda, ile tepe nyeupe inayomulika, filimbi. Nje ilibaki samaki tu juu ya buluu. Ilikuwa kazi nzuri. Nikisema uongo nitaadhibiwa: ilikuwa kazi nzuri kuliko yote niliyowahi kufanya.

Ijumaa mchana nilikuwa nimemaliza tisa. Nilizipanga, nikapiga picha kwa simu, nikamtumia Mama Prezidanti, kisha yaya kule Aru na alama za kucheka. Nilingoja anisifu. Simu ikalia.

"Ile ni nini?"

"Jile zenu, yaya! Sare! Mama Prezidanti amenipa hata nafasi, Jumapili nakuja na nyinyi."

Nilisikia watu wa Aru wakipiga makelele ya biashara nyuma yake.

"Yaya?"

"Sikia. Kuna siku tulikuwa tunatafuta mutu. Mashua yake ilipinduka mu upepo, asubuhi, jua iko juu kabisa, maji inaonekana muzuri. Alikuwa na shati ya blue. Siye batatu mu mashua, macho sita. Tulimupita. Alikuwa anaita, motere inakula sauti yake. Tulimupita karibu, kama toka hapa mpaka barabarani, na hakuna mwenye alimuona. Mashua ingine njo ilimupata, nyuma yetu. Mwenyewe alitueleza kisha. Alisema, 'Mulinitazama mu macho.'"

Nilikaa juu ya rundo la vitambaa.

"Alipona?"

"Alipona. Lakini mimi ile maneno yake haijanitoka. Sasa munavalisha batu kumi na mbili rangi ya maji. Na filimbi iko wapi?"

"Ndani."

"Na vifungo?"

"Ndani. Zipu iko nyuma."

"Nyuma," alisema. Akarudia pole pole, "Nyuma."

Nilimwomba amwambie patron. Alisema patron anamsikiliza mke wake, na dereva wa mwezi mmoja hawezi kupiga simu na kusema bibi yako amekosea. Wangechukua dereva mwingine, na huyo mwingine angewasha motere hivyohivyo. "Weye njo ulianzisha, mudogo wangu. Weye sema. Nakuomba. Nitakuwa kwa motere, na kama mutu anaanguka, ni mimi nitamutafuta na hii macho."

Jumamosi asubuhi nilikuja na maneno yangu yamepangwa. Mama mdogo alikuwa na haraka, ana mazoezi ya kwaya na soko vilevile.

"Mama mudogo, ile jile—"

"Zimebaki tatu. Ukimaliza nakufungulia."

"Lakini yaya amesema—"

"Yaya yako ni fundi ya nguo? Kaa, mutoto wangu. Saa kumi banakuja kubeba. Nakuletea chakula saa sita."

Ta! Kimya. Ta!

Ninachoona haya kukiandika ni hiki: nilishona. Nilijua, na nilishona. Mguu ukakanyaga pedali, mkono ukasukuma kitambaa, na ile ya kumi ikatoka safi, samaki katikati kabisa. Nilikuwa nikijiambia kwamba ziwa Jumapili huwa limetulia. Nilijiambia kwamba hakuna mtu atakayeanguka, matajiri wanakaa tu na vitu vyao vya baridi. Nilijiambia kwamba nikisema nitapoteza nafasi yangu, na nafasi ya namna ile haiji mara mbili kwa mtu anayefungiwa kwenye kontena. Kila kitu nilichojiambia kilikuwa na sauti yangu ya furaha, ile ninayoimbia nikishona, na hicho ndicho kilichoniogopesha.

Nikasema, acha nijaribu. Labda yaya anazidisha. Nikaingiza mikono kwenye ile ya kumi, nikafunga mikanda ya ndani kwanza kama alivyonifundisha, nikashusha kitenge juu yake. Zipu ya nyuma nilishindwa kuifikia, kwa hiyo niliweka kishikio chake kwenye msumari wa ukutani tunapotundika mikasi, nikajishusha taratibu, na zipu ikapanda yenyewe mpaka shingoni. Nilifurahia ujanja wangu. Kisha nikafumba macho na kutafuta vifungo kwa mkono mmoja.

Sikuvipata. Nilivisikia chini ya kitambaa, kama mfupa chini ya ngozi, lakini kuvifungua sikuweza. Nikatafuta filimbi. Ilikuwa begani, najua ilikuwa begani, nilikuwa nimeishonea ndani mwenyewe. Nikarudi kwenye msumari kushusha zipu. Kishikio kilikuwa kimelala upande mwingine na hakikukubali kunasa. Nilipanda kwenye kiti, nikashuka, nikasugua mgongo ukutani kama mbuzi. Mikasi ilikuwa imeangukia nyuma ya mashine, na unene wa jile haukuniruhusu kuinama nikaifikia.

Jua lilikuwa limeshika bati. Jasho liliingia machoni. Shingo ya kitenge, ambayo niliipima ibane kidogo ipendeze, ilinibana. Nilijua ninapumua, na hata hivyo kifua changu hakikuamini. Sikuwa ndani ya maji. Nilikuwa katikati ya Bunia, mahali pakavu, watu wamejaa nje, na bado nilihisi kwamba nikilegea kidogo tu nitazama.

Hapo mtu akabisha.

"Mama ya kushona! Uko?"

Miguu yangu ilitulia yenyewe. Pumzi ikasimama. Miaka miwili ya mazoezi. Hatua zikaanza kuondoka juu ya changarawe, na mimi nimesimama pale nimefungwa mara mbili, mdomo wazi, ninazuia sauti nisimsumbue mama mdogo. Nilifikiria yule mtu wa shati la buluu.

"Niko!" nikapiga kelele. "Niko ndani! Musiende!"

Hatua zikarudi. Uso ukashuka mpaka kwenye tundu la dirisha, kilemba kwanza, kisha macho. Alikuwa Mama Prezidanti mwenyewe.

"Ni weye? Kwa nini banakufungia kama kuku?" Halafu akaniona vizuri, na akaanza kucheka. "Angalia vile inapendeza! Geuka, geuka nikupige picha."

"Maman, siwezi kutoka."

"Kadena iko huku."

"Si kontena, maman. Jile. Siwezi kutoka mu jile."

Alicheka zaidi, akifuta machozi na ncha ya kitenge, mpaka alipoona kwamba mimi yangu si ya kicheko.

"Fungua basi."

"Vifungo iko ndani."

"Piga filimbi, mutu akuje."

"Iko ndani, maman. Ile yako pia iko ndani. Zote."

Kwa nondo mbili katikati yetu nilimwambia. Sikuyapanga tena yale maneno. Nilimwambia habari ya shati la buluu na macho sita. Nilimwambia kwamba wazo lilikuwa langu, si la mama mdogo wala la yaya, na kwamba nilijua tangu jana na bado asubuhi hii nilishona moja zaidi. Hakuweza kunifungulia, na mimi sikuweza kwenda popote, kwa hiyo nilimaliza mpaka mwisho. Nadhani kama mlango ungekuwa wazi ningekimbia katikati.

Niliona mkono wake umeshika nondo, pete zake, kucha zake za rangi.

"Nimeshatuma picha ya zile tisa kwa babibi bote," alisema mwishowe. "Unajua? Bote."

"Najua, maman."

"Na weye njo ulisema tutafanana na ziwa."

"Ndiyo."

"Tutafanana nayo muzuri sana, kumbe."

Mama mdogo alitokea na sahani ya ugali na sombe, yale majani ya muhogo, kichwani, akamkuta mteja wake mkubwa amechuchumaa mbele ya dirisha. Alifungua kadena haraka. Aliniona, akanigeuza, akashusha zipu kwa vidole viwili, mara moja tu, kama mtu anayefungua pochi. Hewa iliingia. Nililia, na niliona haya kulia.

"Amekuambia nini huyu?" aliuliza mama mdogo.

"Amesema yote. Tatueni tisa, na zile mbili musizivalishe. Kile kitenge mutanishonea bilemba, nitabagawia babibi." Mama Prezidanti alijinyoosha, akapangusa magoti. "Ile yangu ibaki."

"Maman, hata yako—" nilianza.

"Yangu ibaki. Hamisha tu zipu, weka mbele. Samaki akatike, si kitu. Mi ni bibi ya mwenye mashua. Nimeshatangaza sare, siwezi kuvaa chungwa kama nimeshindwa. Nitakaa katikati, karibu ya bwana yangu. Nani atanisukuma?" Halafu akaniangalia, si kwa ukali, kama mtu anayepima kitambaa akaona hakitoshi. "Na weye Jumapili ubaki. Mutu mwenye woga hivi mu mashua analeta woga kwa bengine. Nafasi nitamupa mutoto ya dada yangu."

"Ndiyo, maman," nikasema.

Akatoka, akarudi akisema kwamba atangoja ile yake imalizike, ataibeba mwenyewe. Mama mdogo akampa kiti kivulini. Mimi nikakaa mashineni na kuhamisha zipu mbele. Nilipofika kwenye samaki sikupunguza mwendo. Mama mdogo alisimama juu yangu.

"Uliniaibisha mbele ya mutu mukubwa," alisema chini chini.

"Ndiyo, mama mudogo."

"Wiki nzima kazi yetu, sasa tunatatua." Alichukua wembe na jile moja, akakaa chini, akaanza kukata uzi. Baada ya mishono mingi akasema, bila kuinua kichwa, "Ulikaa mu ile kitu muda gani?"

"Sijui. Muda mingi."

"Chakula yako inapoa. Kula."

Sikuweza kula. Tulitatua, na chungwa likaanza kurudi ndani ya kontena, moja, mbili, tano, mpaka kona ile ikawaka tena kama siku ya kwanza. Sikuwahi kuona rangi mbaya inayopendeza namna ile. Mlango ulikuwa wazi kabisa, jua limeingia mpaka kwenye mashine, watu wanapita na kusalimia, na mimi nilihisi kuta zimenisogelea kuliko asubuhi. Jumapili ilikuwa imekwisha kabla haijaanza. Wiki ijayo kulikuwa na ndoa mbili.

Saa tisa hivi Mama Prezidanti aliita pikipiki, na mama mdogo akatoka naye kumsindikiza mpaka barabarani, kama tunavyowafanyia wateja wa heshima, wakisimama kuongea tena na tena njiani. Jile yake ilibaki juu ya meza ikiwa kwenye mfuko, tayari. Ningeitwa niilete.

Nilikuwa peke yangu. Niliitoa kwenye mfuko. Zipu ilikuwa mbele sasa, vifungo angeweza kuvifikia, lakini mabega bado yalikuwa buluu tupu. Nilichukua wembe, nikafungua mshono wa bega la kulia, upana wa kiganja changu, nikakunja kitenge ndani na kukizungushia mshono mzuri kama nakshi, ili chungwa na ile tepe inayomulika vibaki wazi. Nikafanya bega la kushoto vilevile. Halafu nikaingiza vidole chini ya shingo, nikaikuta filimbi na kamba yake, nikaivuta mpaka nje. Nikaitundika upande wa mkono wa kulia, pale ambapo hata mtu aliyefumba macho ataigusa. Nikakata uzi kwa meno, nikairudisha jile mfukoni, mabega yakiwa chini, asiyaone kabla ya kufika ziwani.